Wawili, Pikipiki Moja na Hali Nne za Hewa

Barua nyingi za toleo hili zimetoka kwa wanandoa wanaotaka kutumia siku moja ya mapumziko juu ya pikipiki, milimani, kisha warudi nyumbani wazima. Tumezijibu kadiri nafasi ilivyoruhusu. Zilizofanana tumeziunganisha.

Mimi na mke wangu tunataka kuzunguka kwa siku moja: Nakuru, Marigat, Kabarnet, Iten, Eldoret, halafu turudi kwa barabara kuu. Pikipiki yetu ni ya 200 cc. Inawezekana? Tutoke saa ngapi?
*Msomaji, Lanet*

Inawezekana, ila tunawashauri muugeuze mzunguko. Anzeni na barabara kuu kupitia Mau Summit na Timboroa hadi Eldoret, mwende Iten, mteremke Bonde la Kerio, mpande Kabarnet, kisha mrudi nyumbani kwa Marigat na Mogotio. Kilomita ni zile zile: Nakuru hadi Eldoret karibu 155, Eldoret hadi Iten kama 35, Iten hadi Kabarnet karibu 60, Kabarnet hadi Marigat kama 40, na Marigat hadi Nakuru zinazokaribia 100. Kitakachobadilika ni mahali mtakapokuwa mvua inapoanza.

Jua la asubuhi huipasha ardhi ya milimani joto, hewa yenye unyevu hupanda, mawingu hujikusanya, na kufikia saa 8 au 9 mchana huwa yameshaanza kumwaga. Ukianzia Marigat, saa hizo ndizo utakazokuwa Timboroa, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,700, umelowa, ukungu umetanda na malori yako mbele na nyuma. Ukianzia Timboroa utakutana na baridi na pengine ukungu wa asubuhi, lakini mara nyingi lami huwa kavu, na mchana utakuwa bondeni ambako mvua ni chache kuliko juu.

Sababu ya pili ni malori yenyewe. Kati ya Mau Summit na Salgaa barabara inashuka kwa muda mrefu, na malori yaliyopoteza breki hapo yameua watu wengi. Baada ya ajali ya mkesha wa mwaka mpya wa 2018 sehemu hiyo iliwekewa kizuizi katikati, hatua iliyosaidia sana. Hata hivyo, ni afadhali kuipanda asubuhi malori yakijikongoja mbele yako kuliko kuishuka jioni yakiwa mgongoni mwako.

Ratiba inayowezekana: tokeni Nakuru saa 12 na nusu asubuhi, macho yakiwa yanaona. Timboroa mwe mmepita kabla ya saa 2 na nusu, Eldoret chai saa 3 na nusu, Iten saa 5 kasoro. Pale ukingoni simameni mlitazame bonde, ndiyo sababu ya safari. Daraja la Chebloch juu ya mto Kerio mlifikie karibu saa 6 na nusu, mle chakula Kabarnet saa 8, Marigat saa 9 na nusu, na Nakuru kabla ya saa 12 jioni. Kama saa 5 na nusu bado hamjaondoka Eldoret, achaneni na Kabarnet. Fikeni Iten, mwone bonde, mlale Eldoret au mrudi mlikotoka. Watu wengi huumia wakijaribu kufidia saa waliyoipoteza asubuhi.

Tangi lijazwe Eldoret au Iten. Kati ya Iten na Kabarnet msitegemee kituo cha mafuta. Na kuanzia saa 10 jioni, barabara ya Marigat ni ya mbuzi, ng'ombe na punda wanaorudi bomani. Mbuzi mmoja akishavuka, wenzake waliobaki upande wa pili watamfuata, kwa hiyo usimpite yule wa kwanza ukidhani yamekwisha.

Mume wangu ananiambia nikiwa nyuma nikae tu kama mzigo. Baada ya saa moja kiuno kinauma, na kwenye kona naogopa tutaanguka. Kuna namna ya kukaa?
*Mama wa Njoro*

Ipo, mama, na kwa heshima zote mwambie bwana kwamba mzigo haubadilishi uzito wake katikati ya kona. Abiria hubadilisha. Ukiogopa, mwili hujivuta upande usiolala, na yeye inabidi aisukume pikipiki zaidi ili ipinde. Fanya hivi: kona ikienda kushoto, tazama juu ya bega lake la kushoto, ikienda kulia, bega la kulia. Ukitazama huko, mwili unafuata wenyewe. Huna haja ya kuegemea kwa makusudi.

Panda ukitokea kushoto, baada ya yeye kusema tayari, miguu yake yote miwili ikiwa chini. Miguu yako ikishakaa kwenye vikanyagio isishuke tena, hata mkisimama kwenye taa au kwenye kizuizi cha polisi. Akifunga breki, usimlalie mgongoni. Bana nyonga zake kwa magoti na ushike chuma cha nyuma kwa mkono mmoja. Helmeti zikigongana kila akibadilisha gia, kosa ni lake: anaachia klachi ghafla.

Usikae upande, hata ukiwa umevaa sketi au dera. Uzito wako wote unakuwa upande mmoja, na huna pa kushika breki ikifungwa kwa nguvu. Leso, dera na mikanda ya koti huingia kwenye spoki au cheni. Vaa suruali nzito, na viatu vinavyofunika kifundo, kwa sababu kwenye pikipiki nyingi bomba la moshi liko kulia, usawa wa shavu la mguu.

Kuhusu kiuno, angalieni shoki za nyuma. Nyingi zina pete yenye ngazi tano. Zikiwa kwenye ngazi ya kwanza, iliyowekwa kwa mtu mmoja, watu wawili huzibana hadi mwisho na kila shimo linakufikia wewe. Pandisheni ngazi mbili, pande zote mbili sawasawa. Mkishapanda wote, kagueni pia taa ya mbele: mkia ukishuka, mwanga hupanda na kuwapiga machoni wanaokuja.

Kubalianeni ishara kabla ya kuondoka. Kumgonga pajani mara moja ni "punguza mwendo", mara mbili ni "simama". Simameni kila baada ya kilomita 60 au 70, mtake msitake. Mwendo wa safari ya wawili hupangwa na aliye nyuma, kwa sababu yeye haoni shimo linalokuja.

Tukiteremka kutoka Iten, karibu na Tambach, breki ya mbele ilianza kuingia ndani hadi kugusa usukani, na kulikuwa na harufu ya kuungua. Baada ya kupumzika ilirudi. Fundi hakuona kitu. Ni nini?
*Msomaji, Eldoret*

Fundi hakuona kitu kwa sababu breki ilikuwa imeshapoa. Kutoka Iten hadi sakafu ya Kerio mnashuka zaidi ya mita 1,000 katika kona zinazofuatana, na nguvu yote ya watu wawili na chuma ilipaswa kugeuka joto mahali fulani. Kama ulitumia breki tu, ilienda kwenye breki.

Kinachotokea kinategemea aina. Kwenye breki za drami, joto huitanua drami ikajitenga na brekishuu, ndipo mkono wa breki unaenda mbali zaidi. Wakati huo huo uso wa shuu unapoteza mshiko. Kwenye breki za diski, mafuta ya breki ndiyo huchemka. Mafuta mapya ya DOT 4 yanastahimili angalau nyuzi 230, lakini mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa, na yakishazeeka yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 155 hivi. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke hubanwa kama hewa, kwa hiyo mkono unaingia ndani bure. Yabadilishe kila miaka miwili, mapema zaidi yakiwa yamegeuka rangi ya chai.

Dawa ni gia. Kabla ya mteremko, si ndani yake, ingia gia ya tatu au ya pili na uiache injini ikushikilie. Kanuni nzuri ni kushuka kwa gia ile ile ambayo ungeitumia kupanda mlima huo. Injini itanguruma zaidi. Mwache abiria wako ajue mapema ili asishtuke. Breki tumia kwa vipindi: funga vizuri kabla ya kona, iachie kabisa, ipate upepo. Kuikanyaga kidogo kidogo njia nzima ndiko kunakoichoma.

Kuweka fri na kuzima injini ili kuokoa petroli, jambo ambalo bado tunaliona kwenye miteremko ya huku, ni kujinyima breki pekee isiyochoka.

Ukisikia harufu, simama palipo tambarare, nje ya kona, kwa nusu saa. Usimwagie maji: chuma chenye moto kikipoa ghafla hupinda au hupata ufa. Na kumbuka kwamba mkifika Kerio mteremko bado haujaisha. Kutoka Kabarnet hadi Marigat mnashuka tena karibu mita 900.

Tulivaa makoti ya mvua na bado tulifika Kericho tumelowa hadi soksi, helmeti zimejaa ukungu. Tununue nini?
*Mume na mke, Molo*

Pengine hamhitaji kununua chochote. Kwanza angalieni mlivyovaa. Suruali ya mvua ikae nje ya gumbuti, kamwe isichomekwe ndani, la sivyo buti litakuwa ndoo. Mikono ya koti ikae juu ya glavu, kwa sababu ukiendesha mikono imeshuka mbele na maji hutiririka kuelekea vidoleni. Zipu ya mbele ikiwa haina kitambaa cha kuifunika, maji yatapita na kukusanyika kitini, yaani mapajani. Hapo ndipo watu wengi hulowa kwanza. Koti na suruali vilivyotengana ni bora kuliko lile koti refu la kipande kimoja, ambalo upepo hulipuliza kama tanga na kumvuta dereva.

Vaeni kabla ya mvua. Ukiona lami mbele imekuwa nyeusi na magari yanayokuja yamewasha waipa, simama papo hapo. Nguo ya mvua ikivaliwa juu ya nguo mbichi inakuhifadhia baridi tu.

Baridi yenyewe msiidharau. Joto hupungua takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Na nyuzi 10 za asubuhi ya Timboroa, kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, mwili unazipokea kama nyuzi 4. Vidole hufa ganzi, na vidole vilivyokufa ganzi huchelewa kwenye breki. Gazeti lililokunjwa mara mbili kifuani, chini ya jaketi, hukata upepo vizuri kuliko sweta ya pili, na mkifika Kerio kwenye nyuzi 30 na zaidi mnalitoa mkalisoma. Zamani watu walivaa mifuko ya plastiki juu ya soksi. Tangu ipigwe marufuku mwaka 2017, jozi kavu ya soksi ndani ya mfuko wa raba inafanya kazi hiyo, tena kwa heshima.

Ukungu wa kioo ni pumzi yako ikikutana na kioo baridi. Paka tone moja la sabuni ya maji ya vyombo upande wa ndani, lisambaze, likauke, kisha lifute kwa kitambaa laini hadi pasionekane kitu. Hudumu karibu siku nzima. Fungua kioo upana wa kidole mkiwa mwendo wa polepole. Kioo cheusi kiacheni nyumbani.

Lami ni mbaya zaidi katika dakika 15 za kwanza za mvua, kabla vumbi na mafuta hayajasombwa. Epukeni mistari iliyopakwa rangi, vyuma vya madaraja, na dizeli inayomwagika kwenye kona, ambayo utaiona kama rangi za upinde wa mvua juu ya maji. Kericho na Nandi ni nchi ya mvua ya mawe. Ikianza, tafuteni kituo cha mafuta au baraza ya duka. Chini ya mkaratusi si mahali: matawi huanguka, na radi za upande huu wa nchi hazichagui.

Bondeni kuna hatari ya namna nyingine. Mvua ikinyesha milimani, maji hufika kwenye vivuko vya chini huku juu yenu jua linawaka. Maji ya kahawia yakipita juu ya barabara na huoni lami chini yake, usiingie. Subirini; mara nyingi hupungua ndani ya saa chache.

Boxer yangu ya 150 inapanda vizuri nikiwa peke yangu. Tukiwa wawili, ikipita Makutano kwenda Timboroa inakosa nguvu na kutoa moshi mweusi. Fundi anataka kutoa chujio la hewa.
*Msomaji, Kisumu*

Mkatalie. Bila chujio, vumbi la kandokando ya barabara litakwangua silinda na pete, na hivi karibuni utakuwa na moshi wa rangi nyingine, wa buluu.

Injini isiyo na turbo, kile kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko. Kisumu iko kwenye mita 1,130 hivi, kwa hiyo ukifika Timboroa umepoteza karibu asilimia 16 ya nguvu uliyoizoea. Hiyo haina fundi. Moshi mweusi ni jambo la pili: hewa imepungua lakini kabureta inaendelea kumwaga petroli ile ile, nayo haiungui yote. Moshi mwepesi juu kabisa ni wa kawaida. Ukiwa mzito, safisha chujio, hakikisha choki imezimwa kabisa, kisha toa plagi uitazame: nyeusi kama masizi maana yake petroli imezidi, kahawia hafifu ni sawa.

Skrubu ya kabureta ina mtego wake. Iliyo upande wa chujio hurekebisha hewa, na ukiifungua petroli hupungua; iliyo upande wa injini hurekebisha petroli, na ukiifungua petroli huongezeka. Zote mbili hugusa mwendo wa chini tu. Kwa safari ya siku moja usiguse jeti kuu, yaani tundu kuu la petroli ndani ya kabureta, maana ukiipunguza kwa ajili ya Timboroa, ukirudi Kisumu injini itakosa petroli na kupata joto kupita kiasi.

Nguvu ya kupanda utaipata kwenye sproketi, yale magurudumu ya meno yanayobeba cheni. Kuondoa jino moja mbele ni karibu sawa na kuongeza matatu nyuma. Pikipiki itavuta zaidi na mwendo wa juu utapungua. Ukishabadilisha, kaza cheni mkiwa mmeikalia wote wawili, iache mchezo wa milimita 25 hadi 35. Iliyokazwa ikiwa tupu hubanika mkishapanda, na hula beringi.

Na jumlisheni kilo. Pikipiki nyingi za aina hii zinabeba karibu kilo 150, watu na mizigo pamoja. Wewe 80, mwenzio 70, na begi bado halijapandishwa.

Sisi tuko Kisumu na hatutaki kilomita 400. Kuna mzunguko mfupi?
*Msomaji, Mamboleo*

Kisumu, Miwani, Chemelil, mpande Nandi Hills, mwende Kapsabet, mshuke Kaimosi hadi Chavakali, mrudi kupitia Mbale na Kiboswa. Ni karibu kilomita 150. Mnatoka kwenye miwa na joto la ziwa, baada ya muda mfupi mko kwenye majani chai. Tahadhari moja: ukanda wa miwa. Trekta huacha tope na mabua kwenye lami, na yakilowa huteleza kuliko mchanga. Pandeni asubuhi, kwa sababu zile zile za Timboroa.

Tubebe vifaa gani vya pancha, na presha iwe ngapi tukiwa wawili?
*Msomaji, Kapsabet*

Presha imeandikwa kwenye kibandiko cha kifuniko cha cheni au kwenye kitabu cha pikipiki. Kwa 150 cc nyingi ni kama psi 25 mbele na 32 nyuma mkiwa wawili. Pimeni asubuhi tairi zikiwa baridi. Msipunguze upepo mkifika joto la Marigat kwa sababu geji inaonyesha zaidi. Tairi iliyopungukiwa ndiyo hupasuka.

Kama tairi ni za tyubu, bebeni tyubu nzima ya saizi ya nyuma, maana pancha nyingi huwa huko. Ya mbele ikitoboka, tyubu ya nyuma inaweza kukaa kwa dharura. Ongezeni vyuma viwili vya kufungulia tairi, pampu ndogo, viraka, spana ya ekseli na plagi moja. Jaribuni spana hiyo nyumbani: fundi akishakaza ekseli kwa bomba refu, spana fupi ya kwenye begi haitaifungua. Kabla ya kuweka tyubu mpya, pitisheni kitambaa ndani ya tairi. Mwiba wa mgunga wa Baringo hubaki ukijificha kwenye raba na kutoboa tyubu ya pili kabla hamjamaliza kilomita mbili.

Mtoto wetu ana miaka sita. Anaweza kukaa katikati yetu hadi Iten?
*Baba wa mtoto, Burnt Forest*

Hapana. Sheria ya Trafiki inaruhusu abiria mmoja tu, mwenye helmeti na jaketi yenye viakisi kama dereva. Hata ukimwacha mama nyumbani na kumpakia mtoto peke yake, angalia kama miguu yake inafika kwenye vikanyagio na kama helmeti haizunguki kichwani ukiitikisa. Ikizunguka, pandeni matatu.